Kununua Kiwanda, Kupoteza Wateja: Jinsi 3dfx Ilivyojimaliza Yenyewe

Ukimuuliza kijana anayecheza gemu leo ataje kadi za michoro anazozijua, jina la kwanza mdomoni ni Nvidia. Lakini kati ya mwaka 1996 na 1999, kwa wapenzi wa gemu za kompyuta Marekani na Ulaya, jina lililotajwa kwa heshima lilikuwa jingine kabisa: 3dfx. Kadi zake ziliitwa Voodoo, na aliyekuwa nayo alionekana mtu wa maana mbele ya wenzake. Miaka minne tu baada ya kadi ya kwanza kuingia dukani, kampuni hiyo ikawa inauza mali zake kwa mpinzani wake mkubwa.

Simulizi inayopendwa ni kwamba Nvidia ilikuwa na teknolojia bora, basi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni ya manunuzi mawili ambayo 3dfx yenyewe iliyafanya, moja mwaka 1998 na lingine mwaka 2000. La kwanza ndilo lililowageuza marafiki wake kuwa jeshi la adui.

Bahati ya bei ya memori

3dfx ilianzishwa mwaka 1994 huko California na jamaa watatu waliokuwa wamepitia Silicon Graphics, kampuni ambayo mashine zake za bei mbaya zilitumika kutengeneza picha za filamu kama Jurassic Park. Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: kuchukua uwezo wa mashine zile na kuubana ndani ya kadi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani.

Mwanzoni hawakulenga nyumbani. Chipu zao ziliingia kwanza kwenye mashine kubwa za gemu za kulipia sarafu, zikiwemo zile za mbio za magari za San Francisco Rush. Sababu ilikuwa bei. Kadi ya namna hiyo ilihitaji memori nyingi, na memori ilikuwa ghali. Mwaka 1996 bei ya memori ikaporomoka, na ghafla kadi yenye megabaiti 4 ikawezekana kuuzwa kwa takriban dola 300. Hapo mlango wa nyumbani ukafunguka.

Kadi ya Voodoo ya kwanza ilikuwa na kituko chake. Haikujua kabisa kuonyesha picha za kawaida za kompyuta. Kazi yake ilikuwa moja tu, michoro ya gemu ya 3D. Kwa hiyo mtu alibakia na kadi yake ya zamani, akachomeka Voodoo pembeni, kisha akaziunganisha kwa waya mfupi nyuma ya mashine. Gemu likianza, Voodoo inapokea usukani. Kwenye kadi za Orchid ulisikia hata mlio mdogo wa swichi ikibadilisha njia.

Pamoja na usumbufu wote huo, watu walinunua. Ukuta ambao jana ulionekana kama vigae vilivyovunjika, leo ukawa laini, na gemu linakwenda bila kukwamakwama.

Jambo moja hapa ni muhimu sana kwa yanayokuja mbele. 3dfx haikutengeneza kadi. Ilitengeneza chipu tu. Kampuni nyingine kama Diamond, Creative na Orchid zilinunua chipu hizo, zikaunda kadi, zikazipa majina yao, zikazitangaza na kuzipeleka madukani. Kila mmoja alikula sehemu yake, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kulisifu jina la Voodoo.

Glide, OpenGL na Direct3D

Gemu haliongei na kadi moja kwa moja. Katikati pana programu inayobeba maagizo: chora pembetatu hapa, ipake rangi ile, weka kivuli pale. Miaka hiyo kulikuwa na njia tatu za kufanya kazi hiyo.

Ya kwanza ni Glide, mali ya 3dfx. Ilikuwa nyepesi, yenye kasi, na ilifanya kazi kwenye kadi za Voodoo peke yake. Ya pili ni OpenGL, iliyotokana na kazi ya Silicon Graphics na iliyokuwa wazi kwa wote. Ya tatu ni Direct3D ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1996 na mwanzoni ililalamikiwa sana na waandishi wa gemu. Mtaalamu mkuu wa programu wa id Software, wenye gemu la Quake, aliikataa hadharani na kuchagua OpenGL. Mapema mwaka 1997 toleo la Quake la OpenGL likatoka, na 3dfx ikaandaa haraka draiva ndogo ya kulifanya litembee kwenye Voodoo. Toleo hilo liliuza kadi za Voodoo kuliko tangazo lolote.

Kwa miaka miwili Glide ilikuwa silaha kali. Mwaka 1998 gemu la Unreal lilipotoka, lilionekana vizuri zaidi kwa Glide, na mwenye kadi nyingine akabaki na hamu. Ndiyo maana watu wengine wakaanza kuandika programu za kuidanganya gemu idhani imekutana na Voodoo wakati kadi ni ya kampuni nyingine. 3dfx ikawakimbilia na barua za wanasheria.

Hapo ndipo pa kuijadili kampuni kwa haki. Kulinda Glide kulikuwa na mantiki kwa muda mfupi, kwa sababu gemu zilivuta wanunuzi wa kadi. Ila watengenezaji wa gemu nao wana hesabu zao. Mtu anayeandika gemu anataka liuzike kwa kila mwenye kompyuta, si kwa wenye kadi ya aina moja. Microsoft ilikuwa inaiboresha Direct3D kila mwaka, na Windows ilikuwa kila mahali. 3dfx iliiachia Glide wazi Desemba 1999, na kufikia wakati huo hakuna aliyekuwa anaihitaji sana.

Sega yawapiga chini

Mwaka 1997 3dfx ilipata mchongo ambao ungeibadilisha kabisa. Sega ilikuwa inaandaa mashine mpya ya gemu, ile iliyokuja kuitwa Dreamcast, na 3dfx ilikuwa na mkataba wa kuandaa chipu yake ya michoro. Juni mwaka huohuo 3dfx iliingia kwenye soko la hisa, na kwa mujibu wa sheria za Marekani ikalazimika kueleza mikataba yake mikubwa kwenye nyaraka za kuuza hisa. Siri ya Sega ikawa hadharani.

Mwezi uliofuata Sega ikavunja mkataba na kubaki na chipu ya PowerVR kutoka NEC na VideoLogic. Wengi wanasema hasira ya siri kuvuja ilichangia. 3dfx ilikwenda mahakamani na shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 1998, lakini pigo la biashara halikufutika. Kampuni ilibaki inategemea mfuko mmoja, kadi za kompyuta, na wenye kadi hizo walikuwa watu wengine. Ukiwa bosi katika hali hiyo, wazo la kumiliki kiwanda chako mwenyewe linaanza kuonekana tamu.

Ununuzi wa kwanza: STB

Voodoo2 ilitoka mapema mwaka 1998 na kupokewa kwa shangwe. Mtu mwenye uwezo aliweza kuchomeka mbili kwa pamoja zikagawana mistari ya picha, moja ikichora mistari shufwa na nyingine witiri. Mbinu hiyo iliitwa SLI. Kampuni ilikuwa juu.

Desemba 1998, ikiwa bado juu, 3dfx ikatangaza kuinunua STB Systems ya Texas kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 141. STB ilikuwa inatengeneza kadi na ilikuwa na kiwanda Juarez, Mexico. Zaidi ya hapo, ilikuwa na uhusiano mzuri na kampuni zinazouza kompyuta nzima, zikiwemo Dell na Gateway. Na kulikuwa na utamu mwingine wa pembeni: STB ilikuwa mmoja wa wateja wakubwa wa Nvidia. Kwa pigo moja 3dfx ingepata kiwanda, ingepata mlango wa Dell na Gateway, na ingemnyang'anya mpinzani mteja.

Kwenye karatasi, mpango umenyooka. Faida iliyokuwa inaliwa na watu wa kati ingebaki nyumbani. Jina la 3dfx lingeandikwa lenyewe kwenye boksi. Ubora ungesimamiwa na mtu mmoja.

Sasa chukua mfano wa muuza unga wa jumla. Maduka kumi ya mtaani yanachukua unga kwake na kuuza kwa rejareja. Siku moja anafungua duka lake katikati ya mtaa uleule, na kuwatangazia wenye maduka kwamba hawauzii tena. Anahesabu faida ya duka lake jipya. Hahesabu kwamba wenye maduka kumi watakwenda kwa muuza jumla wa pili, na kesho yake wote kumi watakuwa wanamsifia yule wa pili kwa wateja walewale.

Ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia Voodoo3 mwaka 1999, 3dfx ilitengeneza kadi zake yenyewe. Diamond na Creative, waliotumia pesa na miaka kulijenga jina la Voodoo madukani, wakabaki bila bidhaa. Ila kulikuwa na mtu anawasubiri nje na chipu mkononi.

Mpinzani aliyekwisha kuchemka mara moja

Nvidia ilianzishwa mwaka 1993, na kadi yake ya kwanza ya mwaka 1995 ilichemka vibaya. Ilichora vitu kwa maumbo ya mviringo wakati dunia nzima, pamoja na Direct3D, ikielekea kwenye pembetatu. Kazi yake kwa ajili ya Sega nayo haikufika popote. Kampuni ilipunguza wafanyakazi na ilikaribia kufilisika.

Somo walilotoka nalo lilikuwa la unyenyekevu: usishindane na njia ambayo wote wameshaifuata. Riva 128 ya mwaka 1997 ilifuata pembetatu na Direct3D, ikauzika. TNT ya mwaka 1998 ikaleta rangi za biti 32. Wakajipangia kutoa kitu kipya karibu kila baada ya miezi sita, na wakaendelea kuuza chipu tu, kwa yeyote anayetaka.

Voodoo3, kwa upande wake, ilibaki na rangi za biti 16. Wahandisi wa 3dfx walikuwa na hoja: ukiwasha biti 32 kwenye kadi za wakati ule, gemu linapungua kasi, na mchezaji anataka kasi kwanza. Kwa mwaka ule hoja ilikuwa na ukweli, na Voodoo3 haikuwa kadi mbovu hata kidogo. Tatizo ni dukani. Boksi moja limeandikwa 32, jingine 16, na mnunuzi hana muda wa kusikiliza maelezo ya mhandisi.

Kisha mwishoni mwa 1999 ikaja GeForce 256. Hii ilichukua hesabu za kusogeza maumbo na kupanga mwanga, kazi iliyokuwa inafanywa na prosesa ya kompyuta, na kuziingiza ndani ya chipu ya michoro. Na nani aliiuza? Creative alikuwemo. Mteja wa jana wa 3dfx sasa alikuwa anapigia debe jeshi la upande wa pili.

Wakati huo 3dfx ilikuwa inahangaika na shughuli mbili kwa mpigo: kubuni chipu, na kuendesha kiwanda na mtandao wa mauzo. Chipu kubwa iliyotarajiwa, iliyojulikana ndani kwa jina la Rampage, iliahirishwa tena na tena. Badala yake ikaja familia ya Voodoo4 na Voodoo5, iliyotangazwa Novemba 1999 lakini ikafika madukani katikati ya mwaka 2000, wakati Nvidia imeshatoa GeForce 2. Voodoo5 5500 ilikuwa na chipu mbili kwenye kadi moja na ilisafisha kingo za picha kuliko wenzake. Voodoo5 6000 yenye chipu nne haikuwahi kuuzwa kabisa. Ilikuwa na kiu ya umeme kiasi kwamba ilipangiwa kifaa chake cha umeme cha nje ya kompyuta.

Ununuzi wa pili: GigaPixel

Machi 2000, ikiwa tayari inapumua kwa shida, 3dfx ilitangaza kuinunua GigaPixel kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 186. Kampuni hii ndogo ilikuwa karibu sana kupata kazi ya chipu ya Xbox ya Microsoft, kabla ya kazi hiyo kwenda kwa Nvidia.

Kiteknolojia, walinunua kitu cha maana. GigaPixel ilikuwa na mbinu ya kuikata picha katika vipande vidogo na kuchora kimoja baada ya kingine, ili chipu isihangaike kwenda na kurudi kwenye memori, na isipoteze nguvu kuchora vitu vilivyojificha nyuma ya vingine. Falsafa hiyohiyo ya vipande, iliyokuwa pia kwenye PowerVR ya Dreamcast, ndiyo leo inayotumika kwenye chipu nyingi za simu, zikiwemo Mali zinazokaa ndani ya simu nyingi za bei ya kawaida. Inaokoa betri.

Kwa hiyo wazo halikuwa baya. Muda ndio uliokuwa mbaya. Kugeuza mbinu mpya kuwa chipu ya kuuza kunachukua miaka, na 3dfx ilikuwa imebakiza miezi. Ni sawa na kununua miche ya minazi wakati nyumbani hakuna chakula cha jioni.

Hesabu ya mwisho

Novemba 2000 3dfx ilitangaza kwamba inaachana na kutengeneza kadi na kurudi kuuza chipu kwa wengine, yaani palepale ilipokuwa kabla ya STB. Hakukuwa na wa kumrudia. Tarehe 15 Desemba 2000 ikatangaza kuuza mali zake kwa Nvidia kwa dola milioni 70 taslimu pamoja na hisa milioni 1 zilizofungwa na masharti. Kesi za hataza walizokuwa wameshitakiana zikafa hapo hapo.

Weka namba sambamba. Kwenye karatasi, STB na GigaPixel kwa pamoja ziligharimu dola milioni 327. Vyote hivyo, pamoja na jina la Voodoo na hataza zake, vikauzwa kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Na kwa kuwa manunuzi yote mawili yalilipwa kwa hisa, hata waliouza STB na GigaPixel walishikilia karatasi ambazo thamani yake iliyeyuka mkononi.

Wengine walioumia ni wale wa kawaida. Nvidia ilichukua hataza, majina, akiba ya chipu na wahandisi wengi. Haikuchukua jukumu la kuwahudumia wenye kadi za Voodoo. Mtu aliyenunua Voodoo5 katikati ya mwaka 2000 kwa dola 300, kufikia mwaka uliofuata alikuwa na kadi yatima, isiyo na draiva mpya za kampuni, na ni mashabiki wenyewe walioendelea kuzitengeneza kwa mapenzi. 3dfx iliomba kufilisiwa Oktoba 2002. Waliokuwa wanaidai walikwenda mahakamani wakidai Nvidia imenunua kwa bei ya kutupa, na baada ya miaka mingi Nvidia ikashinda.

Je, STB ndiyo iliyoiua?

Kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. ATI ya Kanada ilitengeneza kadi zake yenyewe kwa miaka mingi na haikufa. Iliendelea hadi AMD ilipoinunua mwaka 2006. Kwa hiyo kumiliki kiwanda peke yake si sumu.

Tofauti ni kwamba ATI ilikua hivyo tangu mwanzo, haikuwa na wateja wa kuwasaliti, na baadaye ilifungua mlango kwa kampuni nyingine kuuza kadi zenye chipu zake. 3dfx ilikwenda njia ya kinyume: ilianza na marafiki wengi kisha ikawafungia mlango. Na si yenyewe pekee. Mwaka 1999 S3, kampuni nyingine ya chipu za michoro, iliungana na Diamond, yule yule aliyeachwa na 3dfx. Haikufika mbali. S3 nayo iliondoka kwenye biashara ya michoro, ikabadilisha jina na kufilisika mwaka 2003. Kampuni mbili, kosa moja, ndani ya mwaka mmoja.

Teknolojia ilichangia, hilo halina ubishi. Biti 16 na kuchelewa kwa Voodoo5 vilikuwa majeraha halisi. Lakini kampuni nyingi zimechelewa na kizazi kimoja cha chipu na kurudi, kwa sababu zilikuwa na washirika wa kuwabeba. Nvidia yenyewe ilichemka mwaka 1995 na ikapata nafasi ya pili kwa sababu bado kulikuwa na watengenezaji wa kadi waliokubali kuijaribu tena, na STB alikuwa mmojawao. 3dfx ilipohitaji nafasi kama hiyo mwaka 2000, waliokuwa na uwezo wa kuitoa walikuwa wameshaondoka miaka miwili nyuma.

Mwaka 2004 Nvidia iliirudisha SLI sokoni. Herufi ni zilezile tatu, maana yake imebadilishwa, na mtu akaweza tena kuchomeka kadi mbili kwenye kompyuta moja. Kadi hizo zilitengenezwa na kampuni nyingi tofauti, kila moja ikiwa na boksi lake na jina lake, zote zikinunua chipu kwa muuza jumla mmoja.